Bastola Niliyomchagulia Dadangu

Kwetu Kitale, mtu akivaa sare huchukuliwa kuwa ana bunduki. Ndivyo tulivyokua. Askari tuliowaona utotoni walibeba bunduki hata wakienda kununua nyanya. Kwa hiyo siku nilipotuma nyumbani picha yangu ya kwanza kutoka Doha, nimevaa shati la kijivu lenye vitambaa mabegani, kofia, na mshipi mpana wenye mfuko mweusi wa ngozi kiunoni, hakuna aliyeuliza kilichokuwa ndani ya mfuko ule. Ilikuwa redio, ya kumwambia msimamizi kwamba lifti imekwama tena. Mama akaeneza habari kwamba mwanawe analinda Waarabu kwa bastola, nami nikamwacha aeneze.

Sikudanganya kwa mdomo, si mwanzoni. Hilo nimejiambia mara nyingi na halijanisaidia hata siku moja.

Kazi yangu ni kukaa kwenye kaunta ya chini ya jengo la ghorofa saba mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Naandika namba za magari ya wageni. Nawafukuza vijana wa kupeleka chakula wasiegeshe pikipiki mbele ya mlango. Napokea vifurushi vya watu. Wapangaji wakishuka na mifuko ya sokoni naibeba, ingawa mkataba hausemi niibebe, maana asiyebeba hulalamikiwa, na anayelalamikiwa mara tatu huandikiwa barua. Silaha hatuna. Hata rungu hatuna. Nilichopewa ni tochi, na betri zake najinunulia. Watoto wa ghorofa ya nne huniita Sekyuriti, na baba yao pia, kwa miaka sita sasa, na sidhani kama imewahi kumpitia akilini kwamba mama yangu alinipa jina.

Dadangu ndiye kifungua mimba wetu. Ana duka la mbolea na mbegu, aliloachiwa na marehemu mumewe likiwa na magunia manane na yeye akalikuza mpaka likajaa. Mimi nilisoma kwa mahindi aliyouza. Miaka miwili iliyopita wezi walimwingilia mchana, na kwa sababu alichelewa kufungua droo wakampiga kifundo cha mkono wa kushoto kwa mgongo wa panga. Mfupa uliunga, lakini uliunga vibaya. Tangu hapo sufuria anaishika kwa mkono wa kulia, na chupa ya soda anampa mtu amfungulie.

Hakutaka kufunga duka, wala kuwahonga wezi. Akaamua kuomba leseni ya bastola. Nyumbani walimcheka, mjane wa makamo na bastola, lakini alienda polisi, akaenda kwa daktari, akaenda kwa chifu, akajaza fomu, akarudi, akaambiwa picha si saizi, akapiga nyingine, akarudi tena. Karibu mwaka mzima. Leseni ilipotoka alinipigia simu akilia. Akasema sasa atalala.

Siku ya kununua alipanda gari hadi Nairobi, kwenye duka lenye kibali, na mimi nilikuwa kazini. Asubuhi ile msimamizi wangu alikuwa amenikuta nimeketi. Nilikuwa nimebeba katoni nane za maji za mpangaji mmoja, nikakaa dakika moja nipumue, naye akaingia. Akanisimamisha mbele ya huyo huyo mpangaji wa maji, akaniambia kiti si cha kulala, akaniuliza kama kwetu tunalipwa kwa kulala. Mpangaji alikuwa anatafuta funguo zake. Angeweza kusema neno moja. Alizipata funguo, akaingia kwenye lifti.

Nilikuwa bado nimesimama pale simu iliponguruma. Picha. Bastola tatu juu ya kitambaa cha kijani. Chini yake dada alikuwa ameandika: "Nimefika. Nichagulie."

Nikajificha kwenye ngazi za nyuma, karibu na chumba cha taka, nikampigia.

"Ndugu yangu, niko hapa mbele ya hizi vitu na sijui hata kichwa ni wapi," akasema. "Kuna hii kubwa ya Kijerumani, hiyo hata usiulize bei. Kuna ya katikati ya Kituruki. Halafu kuna hii kadogo, ndiyo ya bei ya chini, na si mbaya, ni mpya kabisa. Mimi nataka kitu haitanimaliza pesa lakini isiniangushe. Wewe ndiye unajua. Niambie."

Sijawahi kushika bastola. Niliwahi kuona moja kwa karibu, kiunoni mwa polisi wa trafiki wa kwetu, na macho yangu yalikuwa kwenye mkono wake mwingine, ule uliokuwa unangoja kitu. Nikaikodolea macho ile picha. Zote tatu zilikuwa nyeusi. Ndogo ilikuwa nzuri kutazama, imekaa kama kitu cha kike, na bei yake ilikuwa ya chini. Hiyo ndiyo hekima niliyokuwa nayo.

Ningesema, "Dada, muulize muuzaji." Maneno matatu. Lakini nilikuwa nimetoka kuitwa mvivu mbele ya mtu, na hapa palikuwa na binadamu mmoja, mwanamke aliyenisomesha, anangoja nitamke ili atende. Utamu wa jambo hilo siwezi kuuficha. Nikaipandisha sauti yangu kidogo.

"Chukua ndogo," nikasema. "Kwa mwanamke ndogo ndiyo poa. Inaingia kwa mkoba, hakuna mtu atajua. Hata huku wakubwa wetu wanabeba hizo."

"Una uhakika?"

"Dada, hii ni kazi yangu."

Nikamsikia anacheka kwa furaha, anamwambia mtu upande wa pili, "Ndugu yangu amesema hiyo." Aliweka malipo ya kwanza. Karatasi zilikuwa bado zinakaguliwa, kwa hiyo angelala kwa binamu yetu na kurudi kesho yake saa nne kumaliza. Nikarudi kaunta. Siku iliyobaki nilisimama wima bila kulazimishwa.

Tunakaa watu sita chumba kimoja Al Thumama, kwenye nyumba ambayo ndege hupita juu yake mpaka ukizoea unaacha kuzisikia. Mwenzangu wa kitanda cha chini ni Mganda, mtu mzima, mpole, mchache wa maneno. Kabla ya Doha alilinda lango Baghdad miaka minne, na huko alilinda kwa silaha kweli. Hapa analinda maegesho ya magari. Hajawahi kujisifia Baghdad mbele yetu, nami nilijua tu kwa sababu niliona vyeti vyake siku sanduku lake lilipovunjika bawaba. Jioni ile alikuwa anasonga posho, ugali wa kwao, nami nilikuwa na furaha bado, nikamwonyesha picha. Nilitaka asifu chaguo langu. Nilimwambia ni ya dadangu, mara yake ya kwanza kununua, anataka kitu kizuri cha bei nafuu, nami nimemwambia achukue ile ndogo.

Alipunguza moto. Akaikuza picha kwa vidole, akaitazama muda mrefu.

"Dada yako, mikono yake iko namna gani?" akauliza.

"Mikono?"

"Watu wanafikiri kadogo ni kapesi. Hapana, ssebo. Hako kadogo kako na springi ngumu sana ndani. Kukoki, lazima uvute hii chuma ya juu na mukono wa kushoto, uvute na nguvu. Mwanaume mwenyewe anasumbuka. Na ukipiga, kanaruka." Akaweka kidole kwenye ile ya katikati. "Hii. Hii hata jjajja wangu, bibi mzee, anavuta. Ni nzito kidogo, lakini uzito ndio unatuliza mukono. Mutu wa kwanza kununua, mupatie hii ya katikati, iko na bei ya katikati, haina mashauri mengi. Ile ya Mujerumani aachie matajiri. Pesa inabaki, anunue risasi ya kujifunza. Na kabla ya kulipa, avute mwenyewe pale dukani, bila risasi. Avute mara kumi. Ikikataa, arudishe."

Nilikuwa nauona mkono wa kushoto wa dadangu, ule usioweza kufungua soda. Nilikuwa nimeusahau. Nilikuwa nimemchagulia bastola mtu ninayemjua kuliko nijuavyo mtu mwingine yeyote, na mkono wake haukunijia akilini hata kidogo. Nilichofikiria ni jinsi nitakavyosikika.

"Huo mkono walimvunja," nikasema.

"Basi mupigie simu saa hii."

Nikatoka uani, kwenye kamba za kuanikia sare. Ilikuwa saa mbili kasoro, wala haukuwa bado usiku wa kumsumbua mtu. Nikaandika, "Dada, ngoja kwanza." Nikafuta. Nikaandika, "Nimefikiria tena, chukua ya katikati." Nikafuta, maana angeuliza kwa nini, na ningejibu nini? Kwamba nimeuliza mtu? Mtu wa kazi yake huuliza mtu? Angetaka kujua mbona asubuhi nilikuwa na uhakika vile. Uzi mmoja ungevutwa na shati lote lingefumuka, mbele yake, mbele ya Mama, mbele ya kijiji. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini hawakusema aliyejikwaa ulimi anainukaje. Nilisimama pale mpaka nikatota jasho. Halafu nikajiambia kwamba Mganda naye anapenda kutisha watu, kwamba bastola ni bastola, kwamba ataizoea.

Nikarudi ndani. Mwenzangu alikuwa amenipakulia.

"Umempata?"

"Nimempata," nikasema. "Atabadilisha."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, tukala.

Kesho yake dada alimaliza malipo, akanitumia picha ameishika, anatabasamu, na chini yake aya nzima ya baraka. Wiki chache baadaye alikwenda kwenye mafunzo ya kulenga shabaha. Akanipigia jioni.

"Hii kitu ni ngumu kuvuta," akasema. "Mwalimu ndiye alinikokia, nikapiga tu. Amesema nimepita. Lakini mwenyewe nikivuta inakataa. Huu mkono."

Mlango mwingine ulikuwa umenifungukia, mpana kabisa. Angeweza kuirudisha, kuibadilisha, hata kwa hasara. Ilihitaji mimi niseme tu kwamba nilikosea.

"Italainika," nikasema. "Zote huanza hivyo. Vuta kila siku, italainika."

"Sawa. Kama wewe unasema."

Haikulainika. Alinieleza baadaye kwamba kila jioni alikaa kitandani, magazini ya risasi imetolewa kama alivyofundishwa, akaivuta akiuma meno, akiibana kati ya mapaja, mpaka mkono ukavimba. Hakuniambia wakati ule kwa sababu hakutaka nidhani amepuuza mafundisho yangu. Nami sikuuliza. Tulipoongea nilimuuliza bei ya mbolea.

Duka lake lina soja. Niseme lilikuwa naye. Mzee mmoja mrefu, mkimya, aliyekuwa na koti la kijeshi alilonunua mitumbani, rungu, na filimbi. Alifungua duka na kulifunga, na kati ya hapo alikaa mlangoni kwenye kreti ya soda. Kazi yake na yangu ni moja, tofauti ni kwamba mimi nina kiyoyozi. Nilimjua. Nikienda likizo aliniita "Afande", akasimama na kunipigia saluti, nami, Mungu anisamehe, niliipokea.

Ilikuwa Jumamosi, jua bado halijazama, dada na mzee wanapanga magunia ya nje wayaingize ndani. Vijana wanne walishuka kwenye pikipiki mbili. Dada aliwatambua kuwa ni wezi kwa namna walivyosimama kabla hata hawajatoa mapanga. Alikuwa tayari ameitoa bastola kwenye mkoba. Akavuta, ikakataa. Akavuta tena. Wawili walikuwa wameshaingia mlangoni, na soja wake alikuwa kando yake ameinua rungu. Dada akafanya alichoona ni busara. Alimtazama mzee mwenye koti la kijeshi, akaitupia ile bastola mikononi mwake, akamwambia, "Koki hii. Wewe ni askari."

Yule mzee hakuwa askari wa chochote. Alikuwa mkulima aliyeuza shamba lake. Lakini mwajiri wake alikuwa amemwambia avute, akavuta, kwa nguvu zote za mtu aliyebeba magunia maisha yake yote, na kidole kikiwa kwenye kifyatulio, mahali ambapo hakuna aliyewahi kumwambia kisiwe. Risasi iliingia pajani mwake.

Wezi walikimbia. Hiyo ndiyo sehemu ambayo watu wa kule wanaipenda, kwamba wezi walikimbia. Mzee alivuja damu njia nzima mpaka hospitali, na siku ya pili akafa. Ameacha mke na watoto ambao tayari ni wakubwa. Dadangu alishtakiwa kwa kumpa silaha mtu asiye na leseni. Ile bastola walimnyang'anya, na leseni pia.

Haya yote alinieleza kwa simu, kwa utaratibu, bila kulia, mimi nikiwa kaunta na mpangaji mmoja ananionyesha kwa kidole kifurushi chake. Nilimpa kifurushi. Nikaomba aweke sahihi. Dada alikuwa bado anaongea sikioni.

"Wakili amesema utanisaidia," akasema. "Andika barua. Useme wewe ni mlinzi wa silaha huko Qatar, useme una uzoefu, useme hizo bastola ndogo kwa kawaida ni ngumu kukoki, si mimi tu. Mahakama iangalie hiyo. Tafadhali, ndugu yangu. Yenye mhuri ya kazi."

Hakunilaumu. Ningependa mno anilaumu. Alikuwa bado ananihesabu kuwa ndiye mtaalamu.

Niliandika ile barua. Ndiyo, niliiandika, kwa mkono, nikaanza na "Mimi, mlinzi mwenye silaha," na nikafika hadi mstari wa tano. Kisha nikampelekea mwenzangu Mganda, maana yeye ndiye mwenye maneno ya kitaalamu. Ilibidi nimweleze. Nilimweleza yote, pamoja na lile la uani, kwamba sikupiga simu. Alisoma mistari yangu mitano, akanirudishia karatasi.

"Mahakama itataka cheti," akasema. "Uko nacho?"

Akainuka, akachukua taulo lake, akaenda kuoga. Tangu siku ile tunasalimiana. Posho anasonga ya mtu mmoja.

Ijumaa nilipanda basi hadi Al Wakrah, si kwa sababu nina mtu huko, ila chumbani kuna masikio mengi. Nikakaa kwenye ukingo wa mawe karibu na bandari, familia za watu zikipita na vikombe vya chai ya karak mikononi, nikampigia dada. Njia ya mwongo ni fupi, tulikaririshwa shuleni. Yangu ilichukua miaka sita.

"Dada, siwezi kuandika barua," nikasema. "Mimi sijawahi kushika bastola. Hapa tunapewa redio na tochi. Siku ile nilikuchagulia kwa picha tu, kwa kuona ni ndogo. Na jioni yake niliambiwa na mtu anayejua kwamba nimekosea, na mkono wako haungeweza, na sikukupigia."

Nilitarajia akate simu. Nilitarajia anitukane, maana ana ulimi mkali akitaka, na nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, nilikuwa nakutamani huko kutukanwa. Nilisikia kuku wake nyuma, na mtu anafagia.

"Unajua," akasema mwishowe, taratibu, kama mtu anayehesabu mishono, "yule muuzaji aliniambia nivute kwanza. Siku zote mbili. Aliona mkono wangu. Aliiweka mbele yangu akasema, mama, jaribu hii, halafu ujaribu na hii ya katikati, usilipe kabla hujajaribu. Nikakataa. Nilimwambia nikijaribu nitakuwa nimemvunjia heshima ndugu yangu."

Nikavuta miguu kumpisha mtoto wa watu.

"Mke wa mzee anakuja kesho," akasema. "Anataka nimweleze ilikuwaje. Sasa sijui nitamwambia nini."

Kisha, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiniuliza nayo nikitoka shule, akaniuliza kama nimekula.

Nikamwambia nimekula. Sikuwa nimekula tangu jana yake.